Aliyenyoosha Majua

Mwanamke aliyefundisha kazi za mikono katika chumba cha nyuma cha shule ya awali aliitwa Mama Gundi, na jina hilo alilibeba bila kinyongo. Gundi aliipika mwenyewe kila asubuhi, unga na maji kwenye sufuria iliyoungua kitako, na kufika jioni vidole vyake vilikuwa na magamba meupe kama vya muuza samaki. Marehemu mumewe, aliyekuwa dereva wa lori, alizoea kuwaambia wageni kwamba kuishi na mwanamke huyu ni kama kupita mpakani kila siku: fungua begi, toa mikono mfukoni, unatoka wapi, unakwenda wapi.

Tabia hiyo ya kushuku hakuzaliwa nayo. Ilimwingia kazini. Aliyekaa na watoto wadogo miaka mingi anajua kwamba chumba kikinyamaza ghafla, kuna mtu anakatwa nywele. Anajua kwamba mtoto anayesema hajafanya kitu, na hakuna aliyemuuliza, amefanya. Kwa hiyo Mama Gundi alitazama kwanza mikono ya watu, nyuso baadaye.

Kiangazi hicho shule ilikuwa imefungwa, ila chumba cha nyuma kilibaki wazi kwa watoto ambao wazazi wao hawakuwa na pa kuwaacha. Joto lilikuwa la kulainisha kalamu za rangi zilizosahauliwa dirishani. Basi wakatengeneza vitu vya joto: mapepeo ya maboksi, miwani yenye vioo vya nailoni ya kijani, aiskrimu za pamba ambazo kila siku lazima atokee mmoja wa kuzilamba. Na majua. Kila mtoto alikata jua lake kwenye karatasi ngumu ya njano, akalibandikia macho na mdomo, kisha likabanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyovuka chumba. Ijumaa wazazi wangekuja kuyaona.

Sheria ya chumba ilikuwa moja tu. Mkono wa mtu mzima hauigusi kazi ya mtoto. Jua likitoka na jicho kidevuni, basi ndivyo lilivyochomoza.

Katika kamba hiyo lilikuwepo jua la Chiriku, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Walimwita Chiriku kwa sababu hakufunga mdomo tangu anavua viatu mlangoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, umelala mapajani kama paka mvivu, na kwa muda mrefu alikataa kushika mkasi. Alipendelea kuwasimulia wenzake namna ya kukata. Kisha Jumatatu moja alivuta karatasi, akaikandamiza kwa kiwiko, akaanza. Aliongea nayo njia nzima. Tulia wewe, aliiambia, nakukata kidogo tu, haiumi. Jua lilitoka kama jani lililopita mdomoni mwa mbuzi, na Mama Gundi alipolibana kambani ilibidi ageuke kidogo, ajifanye anatafuta kibanio.

Jumanne asubuhi jua hilo lilikuwa na miale iliyochongoka, yote sawasawa.

Mama Gundi alisimama chini yake na sufuria mkononi. Macho ni yale yale ya Chiriku, moja juu moja chini. Mdomo ni ule ule. Lakini kingo zilikuwa za mkono mwingine. Akatazama majua mawili yaliyokuwa jirani yake, na yenyewe yalikuwa yamenyooka.

Chiriku alipoingia, akaenda moja kwa moja kwenye kamba. Akatazama juu kwa muda. Alikwenda kukaa, akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, na wenzake walipoanza kukata samaki wa sahani za karatasi, yeye hakugusa kitu. Mama Gundi akachuchumaa karibu yake, akamuuliza mkasi wake uko wapi.

"Mimi sijui kukata," Chiriku alisema. "Lile kakata anayejua."

Hapo ndipo Mama Gundi alipoanza kutafuta mtu. Ushindi wa Jumatatu ulikuwa mdogo kama tone, na alijua tone hukauka upesi kwenye joto la namna hiyo.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa Mwalimu Mkuu, aliyependa wageni waone vitu vizuri na ambaye wiki iliyopita alikuwa amesema anataka Ijumaa iwe na kazi za kuonekana. Mama Gundi akaenda ofisini kwake kwa kisingizio cha kuomba chaki, akaona mkasi mkubwa mezani, akauinua kwenye mwanga wa dirisha kutafuta vumbi la njano. Mwalimu Mkuu akamuuliza anakagua nini. Alipoelezwa, alicheka mpaka akavua miwani. Akasema yeye hata kucha zake anakatiwa na dada yake.

Jumatano majua mengine mawili yalikuwa yamenyooshwa. Chiriku aliketi vilevile, mikono imefichwa, na safari hii hakumaliza hata uji wake.

Aliyebaki ni Bibi Fagio, mfanyausafi, mwenye ufunguo wa vyumba vyote. Hawa wawili walikunywa chai benchi moja kila siku, na siri za mmoja zilikuwa tumboni mwa mwenzake. Mama Gundi alizunguka maneno. Akaulizia joto, akaulizia mjukuu, kisha akaulizia kama jioni kuna mtu mwingine anayeshika ufunguo wa chumba cha nyuma.

Bibi Fagio akatua kikombe. "Kama una neno na mimi, litoe."

"Nauliza tu, dada."

"Wewe hujawahi kuuliza tu tangu nikufahamu." Akasimama, akakusanya ndoo yake. "Mimi nikikata karatasi, vipande nitavitupa wapi? Kapu si langu? Mwaga ulitazame. Halafu katafute mtu anayeondoka na vipande vyake."

Siku hiyo chai ya Mama Gundi ilipoa bila kunywewa. Lakini kapu alilimwaga, maana aibu ni kitu kimoja na kazi ni kingine. Yalikuwemo mabaki ya sahani, pamba, ganda la ndizi. Hapakuwa na hata ncha moja ya njano. Akakaa sakafuni katikati ya takataka, akawaza ni watu wa namna gani hukata kitu kwenye chumba cha mwenzao wasiache uchafu.

Kisha akawaza saa. Asubuhi anafungua yeye, mchana hatoki. Chumba kinabaki bila yeye wakati mmoja tu, anapowapeleka watoto getini. Na wakati huo, kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, huwa ameketi baba yake Chiriku. Fundi alikuja mapema kila siku, akisubiri binti yake amalize kubandua gundi vidoleni kule bombani. Mama Gundi mwenyewe ndiye aliyemwambia aingie, nje jua kali. Alikuwa amewashuku watu wote isipokuwa huyu, kwa sababu alisalimia vizuri.

Alhamisi aliwaachia watoto kwa Mwalimu Mkuu getini, akarudi kwa upande wa dirisha.

Fundi alikuwa amesimama chini ya kamba, kichwa kimeinama upande, na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Alipunguza ukingo wa jua, akarudi nyuma hatua, akatazama, akapunguza tena. Vipande vilidondokea kiganjani, na kiganja kikaenda mfukoni.

"Fundi," Mama Gundi alisema kutoka mlangoni.

Hakukimbia wala kukana. Aliushusha mkasi taratibu.

"Kesho watu watakuja, mwalimu. Nitasimama hapa nione mtu akilitazama la binti yangu na kutabasamu pembeni."

"Na haya ya wenzake?"

"Ningelinyoosha lake peke yake, lingeonekana limesaidiwa."

Mama Gundi alikuwa amejiandalia maneno makali. Kabla hajayatoa, Chiriku aliingia, mikono inachuruzika maji. Mtoto alimtazama baba, akatazama mkasi, akatazama ncha za njano zilizomponyoka mfukoni zikaangukia kiatu.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Fundi aliitikia kwa kichwa.

Chiriku alikwenda rafuni, akarudi na karatasi mpya ya njano na mkasi butu. Alikaa, akaiweka mezani, akamwonyesha baba yake ukingo kwa kidole. "Shika hapa. Usiigeuze."

Fundi akapiga magoti, akashika. Mkasi ukaingia kwenye karatasi, ukaenda kombo, ukatoka. Mwale wa kwanza ulitoka mnene, wa pili ukakatika wote. Fundi akafungua kinywa, Mama Gundi akakohoa, kinywa kikafungwa.

Bibi Fagio alipita mlangoni na fagio, akasimama kutazama vipande vilivyotapakaa sakafuni. Akauliza kama avizoe, au bado ni ushahidi. Mama Gundi akamwomba radhi palepale, mbele ya fundi na mtoto. Bibi Fagio akasema atalifikiria, akavuta kiti, akakaa.

"Tulia wewe," Chiriku aliiambia karatasi. "Baba, wewe pia tulia. Kidole chako kinanisukuma."

"Hakisukumi."

"Kinasukuma. Nakiona."

Mama Gundi alikuwa anakiona pia. Alisogea upande ule wa meza wenye mwanga zaidi, akafunga mikono kifuani, na hakuondoa macho kwenye kidole kile mpaka jua lilipokwisha kukatwa.