Chanda na Ufunguo Yenye Ilienda ku Kilio

Chanda alifika ku labo na damu ya mama Clotilde mu kisanduku ya baridi, akakuta mulango imefungwa. Na haikuwa mulango yote, hapana! Labo nzima iko wazi, bantu banapiga masolo, banaongea tu, ni kile chumba kimoja cha mashini njo kimefungwa.

Ile mashini iko moja tu, na équipe ine za kutafuta mambo ya kansere zinaigawana kwa tour, kila moja na zamu yake. Unaingiza seli, mwangaza wa laser unazipiga moja-moja, na écran inakuonyesha ile ya bugonjwa na ile ya muzima. Inafurahisha kuangalia, nakwambia! Lakini seli zikufike zingali nzima. Zikikufa, unaangalia takataka tu.

Na mama Clotilde, muuzishaji wa mikate, alikuwa anaanza dawa ya kansere kesho asubui. Dawa ikishaingia, damu yake haitakuwa tena ile. Chanda mwenyewe njo alimubembeleza juu atoe mukono: «Yaya, haitaenda bure.» Sasa leo ni leo.

«Ufunguo iko wapi?»

Joëlle, wa équipe ingine yenye tour yake ilikuwa inafuata, hata hakuinua macho ku téléphone. Wiki iliyopita balikuwa bamegombana juu ya ile ile mashini.

«Vieux Symphorien iko nayo. Njo muchungaji wa mashini, hapana?»

«Na yeye iko wapi?»

«Ku kilio, kule Kasungami. Muyomba wake alikufa.»

«Alienda na ufunguo?»

«Iko mu mufuko ya suruali. Nayo inalia.»

Chanda akapiga simu: imezimwa. Ku kilio mutu anazimaka téléphone, njo heshima. Akaacha kisanduku yake ku labo, akarukia moto ya wewa, ile pikipiki ya kubeba bantu, akamwambia mutu wa moto: «Uningojee pale, nitaingia na kutoka.»

Kuingia na kutoka! Ku kilio? Kwanza unalia ku mulango. Chanda akalia, na machozi haikumusumbua, ilitoka yenyewe juu ya hasira. Bamama bakasema: «Ule binti alimupenda mufu kabisa!» Kiisha unasalimia mutu na mutu. Kiisha unaikala chini. Vieux Symphorien alikuwa kule chini ya bâche, ile turubai ya kivuli, kati ya banaume, macho ku udongo. Kila mara Chanda anasimama, mama Musonda, dada ya mufu, anamuvuta kitenge.

«Ikala, mutoto. Mufu hana haraka.»

Seli ziko na haraka, mama! Lakini ile, alisema mu roho tu.

Jua ilikuwa inageuka. Pale mama moja akaanza kulia kwa sauti: «Bena Ngo, batu ba chui, tumeanguka leo!»

Chanda akashtuka. Chui? Yeye ni wa bena Mbushi, batu ba mbuzi! Chui na mbuzi ni banungwe, ukoo ya kutaniana tangu bankambo. Munungwe akifika ku kilio anaweza kukutukana, anaweza kukunyanganya hata kofia, na huna ruhusa ya kukasirika.

Akasimama, mikono ku kiuno.

«Nyamazeni, chui gani benye kulia sawa paka? Leo mbuzi njo anakula chui!»

Akapita kati ya banaume, akaingiza mukono mu mufuko ya vieux Symphorien, akatoa ufunguo. Lupango yote, kiwanja nzima, ikapasuka kicheko. Vieux mwenyewe, mwenye hakucheka tangu asubui, akacheka.

«We mbuzi! Ile mashini ikiharibika, nitakupika na chumvi!»

Chanda mbio ku mulango. Mama Musonda akamukamata kitenge.

«Unaenda wapi? Munungwe tulimutafuta tangu asubui! Nani atapika? Nani atafagia? Nani atachekesha bafiwa?»

Aah! Chanda alikuwa amesahau ile upande. Munungwe ana ruhusa ya kunyanganya, lakini kazi ya kilio nayo ni yake. Ukikamata utani na ukaacha nyungu ya kupikia, unatukana mufu kweli kweli.

Akaangalia jua. Akaangalia ufunguo. Na mutu mwenye anajua kutumikisha ile mashini, wa kubakia ku labo, ni nani? Ule ule Joëlle.

Akamupa mutu wa moto ufunguo, akapiga simu.

«Joëlle, dada, ufunguo inakuya. Damu yangu iko mu kisanduku ya bleu. Anza nayo, minakuomba.»

«Na yangu?»

«Yako… kiisha.»

«Hmm.» Akakata.

Chanda akapika bukari, ule ugali wetu, ya bantu lupango nzima. Aliipiga na muiko sawa vile ilimukosea yeye. Kila mara anaangalia téléphone: hakuna kintu. Alijua Joëlle atapitisha yake kwanza. Hata yeye angefanya vile.

Giza inaanza, téléphone ikalia. Picha ya écran: mawingu mbili za vidoti, moja ya bugonjwa, moja ya buzima. Chini yake Joëlle aliandika: «Zingine zilikufa, mingi iko nzima. Yako njo ya kwanza. Kufika ku yangu, courant ya umeme ikakatika, na zangu zote zimekufa kwa kungojea. Usiniambie aksanti, niko na hasira.»

Chanda akaanza kulia, safari hii bila hasira.

«Lia, mutoto,» mama Musonda akamwambia, «alikuwa mutu muzuri.»

Akajifuta na kitenge, akaandika: «Tour yangu ya wiki inayokuya, ukamate.» Kiisha akarudia nyungu. Ilibakia kuosha ile kubwa, yenye iliunguza chini.