Mfupa wa Shangazi

Wiki iliyopita nilimsindikiza hospitalini shangazi yangu, mkulima wa alizeti wa Iguguno. Mara mbili alikuwa amekataa kupasuliwa nyonga. Daktari alimwamkia shikamoo, kisha akatoa mkobani mfupa wa plastiki.

"Mama, hivi ndivyo nyonga yako ilivyo. Nimeichora kwenye kompyuta kwa kufuata picha zako za mionzi, nikaichapa kwa plastiki kwa mashine yangu nyumbani."

Shangazi akaupapasa mfupa polepole, mpaka kidole kikazama palipolika.

"Naweza kwenda nao nyumbani?"

"Ukaufanyie nini, mama?"

"Nikawaonyeshe wanaosema navuta mguu kwa uvivu."

Akasaini fomu ya upasuaji, akaufunga mfupa kwenye khanga. Mimi nilitazama sakafu, maana hata mimi nimewahi kusema hivyo.