Siku Nane Tulizoomba

Wiki ile sikutulia. Nilishona mkono wa blauzi, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi, nikaona mkono nimeugeuza nje-ndani, nikaufumua. Mdogo wangu alikaa kando ya cherehani, mikono magotini, akingoja nimsomee. Yeye haoni tangu surua ya utotoni. Yuko mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja cha walimu hapa Kolwezi, na anayemsomea ni mimi peke yangu. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari. Kifaransa cha vitabu vyake nakipita kama mtu anayehesabu milango ya nyumba za watu: sijui ndani kuna nani. Mi natoa sauti, yeye anaelewa. Akishaelewa ananiambia maneno, naandika, kisha tunapeleka kwa mpiga chapa kule Manika.

Kazi yake ya mwisho wa masomo, ile wanafunzi wanayoiita TFC, ilihusu watoto wa machimbo ya Mutoshi wanaokosa darasa. Ilitakiwa imfikie sekretere wa chuo siku ya posho, yaani Jumamosi, saa sita mchana, nakala tatu zilizofungwa vizuri. Ilikuwa tayari Jumatatu, na sura ya tatu haikuwa na hata ukurasa mmoja. Asipoitoa, anarudia mwaka mzima.

Sababu naijua. Nilikuwa nimekwenda Fungurume kwenye kilio cha shangazi wa mume wangu, siku sita. Katika hilo sioni wa kulaumiwa, ingawa pengine ningerudi mapema kidogo. Lakini niliporudi nilikuta vitenge vya akina mama wa kanisa, sare ya sikukuu yao, nikavishona siku mbili nzima. Mdogo wangu nilimwambia nashona nguo za kilio.

Jumanne tulikwenda kwa sekretere kuomba muda. Ni tata mmoja, baba wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimpa mdogo wangu kiti chake mwenyewe, naye akabaki amesimama, na hilo lazima niliandike.

"Mama, mi sikatae," aliniambia. "Lakini règlement, sheria ya chuo, inasema: aliyechelewa kwa ugonjwa alete sertifika ya munganga. Na munganga aandike inaanza siku gani, inaisha siku gani."

"Tata, huyu haone tangu mutoto."

"Naona, mama. Sasa mi niandike inaisha lini?"

Mdogo wangu akadakia: "Andika, tata: kuanzia surua mpaka siku ya ufufuo."

Sekretere alicheka mpaka akavua miwani. Akaifuta, akaivaa, akasema tena: sertifika.

Nje, wanafunzi walikuwa wamesimama kwenye korido na wametusikia. Mmoja, viatu vyake vyekundu kwa udongo wa machimbo, akasema: "Basi na mi nifunge macho na kitambaa, banipe wiki mbili!" Wakacheka.

Mdogo wangu akageukia sauti ile. "Funga, kaka. Kisha uje nikuonyeshe njia ya choo."

Wakacheka zaidi, na yeye mwenyewe akacheka. Mimi nilikasirika njia nzima. Lakini nikafikiri: pengine huyu anachimba asubuhi kabla ya kuja darasani, na hakuna aliyempa hata siku moja ya nyongeza. Angeniuliza kwa nini sisi na siyo yeye, sijui ningejibu nini.

Tukaenda zahanati kutafuta hiyo sertifika, na daktari alikuwa na kalamu tayari mkononi. "Niweke siku ngapi? Kumi na ine itatosha?" Nikasema ndiyo kabla mdogo wangu hajafungua mdomo.

Barabarani akasimama. "Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "nisomee."

Nikamsomea: mgonjwa, macho, apumzike siku kumi na nne.

"Siku ya kumi na tano nitakuwa naona?"

"Ni karatasi tu."

"Karatasi ndiyo bataweka mu dossier, mu faili yangu. Siku ingine nikiomba tena, bataniuliza: si ulishapona? Mi siko mugonjwa, yaya. Nilikosa mutu wa kunisomea."

"Kwa hiyo utarudia mwaka juu ya neno moja?"

"Na wee, mbona unaikamata hiyo karatasi nguvu hivi? Naisikia inakunjika."

Nikalegeza vidole. Siku kumi na nne zingefunika siku zangu mbili, na hakuna ambaye angehesabu. Nikamwambia palepale, taksi-moto, zile pikipiki za abiria, zikipita na vumbi lake, kwamba vile vitenge havikuwa vya kilio. Nikangoja anitukane.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa unaimba. Nani anashona nguo za kilio na kuimba?"

Tuliporudi nyumbani alinitamkia barua, nami nikaiandika. Haikutaja ugonjwa. Ilisema kwamba haoni, kwamba ana msomaji mmoja, na kwamba msomaji huyo hakupatikana siku nane: sita kwa kilio, mbili kwa kushona. Aliomba siku nane.

"Hizo mbili tuziache," nikamwambia.

"Ukiziacha, tuombe sita. Lakini sura yangu ilipoteza nane."

Barua tuliipeleka Jumatano. Alhamisi sekretere aliisoma mara mbili mbele yetu. "Hii haiko ugonjwa."

"Ndiyo, tata," akajibu mdogo wangu.

"Na hii ya couture, ya kushona, muliiandika ya nini?"

"Kwa sababu ni ya kweli."

Alitikisa kichwa, akaipeleka kwa mkuu wa idara. Tulingoja kwenye benchi. Mimi nilikaa, nikasimama, nikasoma matangazo yote ukutani, hata ya mwaka uliopita. Aliporudi alisema tumepewa siku sita, mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata. "Kilio, chef amesikia. Couture, hapana."

Nikafungua mdomo kumbembeleza. Mdogo wangu akanifinya mkono. Sekretere akafungua rejista, na kwenye nafasi ya sababu, ambapo mistari ya juu yake ilijaa neno "ugonjwa", akaandika kwamba mwanafunzi alikosa msomaji. Nilimsomea mdogo wangu kwa sauti ndogo. Akataka nisome tena.

"Ni haki," alisema tulipotoka. Labda. Mkuu angeweza kukataa zote. Lakini kosa lilikuwa langu, na siku zilizokatwa ni zake.

Vitenge vya akina mama nilivirudisha nusu vimeshonwa. Walisema maneno, na walikuwa na sababu. Nilisoma mpaka sauti ikakauka, naandika naye anasema, na Ijumaa saa tano tuliweka nakala tatu mezani. Hitimisho alitaka liwe na kurasa sita. Lilikuwa na nne.

"Juri bataliona hilo," nilimwambia nje, nikifikiria walimu watakaomhoji.

"Bataliona. Siku ya kutetea nitabaambia yale mengine kwa mudomo. Niko nayo mu kichwa."

Akaanza kuyasema hapohapo, haraka, kama anayeogopa yatamwagika. Dereva wa taksi-moto alikuwa ametuwashia injini. Nikamwomba aizime, nikalaza daftari juu ya kiti cha pikipiki, nikaandika.