Gesi Yangu na Choo cha Mabua

Nianze kwa kukubali mwenyewe, kabla hamjasikia kwa wengine: ndiyo, ni mimi yule daktari wa Sepuka aliyemchomea choo shangazi wa mchumba wake, na shangazi mwenyewe alikuwa humo ndani. Najua siku za mnada pale Ikungi wanasimulia kwamba nililipua bomu, na kuna fundi cherehani mmoja anaapa kuwa nilikuwa na baruti niliyoitoa kwa wachimbaji wa Sekenke, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa napika kuku.

Huo udaktari wenyewe tuuweke sawa kwanza. Mimi sitibu mtu. Niliupata huko ughaibuni kwa kusoma vitundu (hapa ndipo watu huanza kucheka, chekeni tu), yaani kuna unga unaotengenezwa kwa madini yaliyofungwa pamoja na viunganishi vidogo mno, mithili ya nguzo na fito za nyumba, na ndani yake kunabaki vyumba vitupu vyenye milango midogo kiasi kwamba gesi moja inapita na nyingine inakwama mlangoni. Ukiuchanganya unga huo na plastiki unapata utando, na utando huo ukiupitishia gesi ya samadi unaitenga: hewa ukaa, ambayo haiwaki, inapenya na kwenda zake, na methani, ambayo ndiyo moto wenyewe, inabaki nyuma. Nimekula miaka ya ujana wangu hapo. Niliporudi kijijini mama aliniletea jirani mwenye ngiri, nikamweleza habari za vitundu, yule mzee akaniangalia kwa huruma akaenda kwa mganga.

Sasa mjue na enzi zenyewe. Ilikuwa zile zama za soko huria, viwanda vinabinafsishwa, kila mwenye ukuta wa barabarani ameutoboa dirisha anauza vocha, na hata sisi watafiti tuliambiwa kwenye semina (zenye chai na vitumbua) kwamba utafiti usiouzika ni kupoteza muda. Nikarudi Sepuka nimejaa maneno kama wadau na ujasiriamali. Nyumbani kwetu kulikuwa na mtambo wa gesi ya samadi uliojengwa na mradi fulani, mradi ukaondoka na magari yake na kutuachia kibao kikubwa kuliko mtambo. Gesi yake ilikuwa inawaka kwa uvivu, kwa sababu hewa ukaa ni nyingi, na mama alishazirudia kuni zamani. Mimi nikasema moyoni, hapa ndipo utando wangu utakapoonekana.

Na mchumba alikuwepo. Zuhura, binti wa mjini Singida, kwao ni wafanyabiashara wa tangu enzi za mababu, nusu watu wa pwani nusu watu wa huku, Kiswahili chao kimepigwa pasi. Zuhura alikuwa amenikubali. Ndugu zake walikuwa bado, na kisa ni kwamba hawakuelewa mtu anasoma mpaka mvi zinachungulia halafu hana ofisi. Wakasema watakuja Sepuka waone ninakotoka, na wote walijua, mimi nikiwemo, kwamba neno la mwisho ni la shangazi yake, Bi Mwanaidi, mama mnene wa heshima ambaye akitikisa kichwa kwenye posa, posa imekufa. Zuhura alinipigia simu akaniambia kwa sauti ya kuomba, "Omari, wape chakula kizuri, zungumza kidogo, basi. Usiwafundishe kitu."

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mngewapa chakula kizuri. Mimi nikaamua kuwapikia kwa utando wangu, wakiwa wameketi wanaangalia. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu, niliutoa huku nikipiga mswaki: nilimwambia mama azime kuni na avunje mafiga ya jikoni, maana leo hakuna moshi nyumba hii. Mama alinijibu kwa Kinyaturu jambo ambalo sitalitafsiri.

Utando niliuweka ndani ya bomba fupi la plastiki lenye unene wa mkono, na bomba lile lilikuwa na midomo mitatu: mmoja wa kuingizia gesi, mmoja wa kutolea kilichopenya, na mmoja wa kutolea kilichobaki. Gesi nilikuwa nimeijaza kwenye tyubu ya trekta tangu jana yake. Shida ya utando ni kwamba unataka gesi isukumwe, na kule chuoni kazi hiyo ilifanywa na mashine nzuri iliyokuwa ikinguruma pembeni, ila Sepuka sikuwa na mashine, nilikuwa na baba mdogo Ntandu. Ndiye mkubwa wa familia tangu baba afariki, ndiye aliyetakiwa kuwapokea wageni kwa niaba yetu, na ndiye mwenye kilo. Nikalaza ubao juu ya tyubu nikamwomba aketi hapo na kanzu yake na kofia yake, nikamwambia akiinuka tu gesi inakata, kwa hiyo, na haya ni maneno yangu mwenyewe, "Baba mdogo, usiinuke hata nyumba ikiungua." Akaitikia kwa kichwa. Ni mtu wa kushika neno.

Ukabaki mrija wa taka, ule wa kutoa hewa isiyofaa. Nikafikiri kisomi, nikasema taka huwa inakwenda wapi? Chooni. Nikauvuta mrija mpaka nyuma ya nyumba nikauegesha kwenye ukuta wa choo, na choo chetu wakati huo kilizungushiwa mabua ya mtama yaliyokauka vizuri kwa jua na upepo wa kwetu.

Wageni wakafika na gari la kukodi. Shikamoo zikapita, wakaketi, wakamwona mzee wa mji anawapokea akiwa juu ya tyubu ya trekta, hasimami kumpa mtu mkono, na kila akicheka kidogo tyubu inamnesanesha. Bi Mwanaidi alimsalimia kwa adabu zote halafu akaangalia pembeni kama mtu aliyekuta mwenziwe hajavaa sawasawa. Mimi nikasimama katikati na bomba langu. Niliwaona hawaelewi, nikatafuta mfano wa kuwasaidia, na hapa, jamani, ndipo nilipojimaliza. Nikawaambia utando huu ni sawa na chekeche. Unamwaga unga, safi inapita chini, pumba zinabaki juu, unazitupa. Wakafurahi. Bi Mwanaidi akasema, "Kumbe ni chekeche tu, mbona ulikuwa unatutisha." Nami nikafurahi kuliko wote, nikarudia mfano ule mara ya pili na ya tatu kwa madoido, naonesha kwa mikono, safi inapita, pumba inabaki, huku mikono ile ile ikiunganisha mirija.

Mmeshaona? Utando wangu si chekeche hata kidogo. Ni ungo, unapepeta, kinachotoka ni makapi na kinachobaki ndicho chakula. Miaka yote ile nilichora mchoro huo ubaoni mpaka nikauota, na siku moja ya kuuunganisha mbele ya wakwe nikausahau kwa kuamini mfano niliotunga dakika hiyo. Jiko nikalipa kilichopenya. Choo nikakipa methani.

Nikapiga kiberiti. Njiti ikafika kwenye jiko ikazimika, sio kwa upepo, ilizimika kwa utulivu kama imeagizwa. Ya pili vivyo hivyo. Nikawaambia wageni ni hewa ya mwanzo hiyo, itatoka, nikaendelea, na harufu ya mayai viza ikaanza kuenea taratibu (maana ule uvundo wa samadi nao unapenya pamoja na hewa ukaa), kaka zake Bi Mwanaidi wakatoa leso, mmoja akakohoa kistaarabu. Kuku wa kienyeji yumo sufuriani, amekatwakatwa, ametiwa chumvi, anatuangalia. Mimi badala ya kusimama nifikiri, nikaona tatizo ni msukumo. Nikamgeukia baba mdogo nikamwambia akandamize zaidi. Akakandamiza. Nikamwambia arukeruke kidogo. Mzee wa watu, mwenye wajukuu, akarukaruka mbele ya wakwe.

Wakati huo Bi Mwanaidi alikuwa amenong'onezwa na dada yangu mahali choo kilipo, akachukua kopo la maji akaenda zake. Sikumwona. Na mama yangu, ambaye tangu asubuhi hakuniamini (na alijua kwao mgeni wa ukweni akiondoka na njaa, aibu ni ya mwenye jiko na si ya msomi), alikuwa amekwenda kwa jirani kuomba moto, akawa anarudi na makaa kwenye kigae, na ili nisimwone akapitia njia ya uani. Njia ya uani inapita chooni.

Mimi nilisikia tu kishindo laini, kama mtu amekung'uta blanketi. Halafu mama akapiga yowe. Nikakimbia nyuma ya nyumba na wageni wakanifuata, na nikaona jambo ambalo Mungu anisamehe, lilinifurahisha kabla halijanitisha: kwenye mdomo wa mrija wa taka ulikuwa umesimama moto wa buluu, safi, umenyooka, hauna hata ncha ya njano. Sijawahi kuona mwako wa namna ile, hata maabara. Utando wangu ulikuwa umefanya kazi barabara. Ulikuwa unachoma choo.

Mabua yale yalishika upesi. Ukuta wa mbele ukalala, na nyuma yake akaonekana Bi Mwanaidi amesimama wima, mzima kabisa, alhamdulillahi, baibui lake amelishika kwa mkono mmoja na kopo kwa mkono wa pili, mbele ya kaka zake, mbele ya dereva, mbele yangu. Hakupiga kelele. Alitutazama sote, akamwaga maji ya kopo kwenye moto, ukafoka, ukaendelea kuwaka. Ndipo akili ikanirudia nikakumbuka ule mrija unalishwa na nani. Nikarudi mbele mbio. Mbele ya nyumba palikuwa pamebaki patupu, kila mtu alikuwa uani na ndoo na mchanga, isipokuwa baba mdogo Ntandu, ameketi juu ya tyubu na kofia yake, moshi unapita juu ya paa, na yeye anarukaruka.

"Baba mdogo, inuka!"

"Ulisema nisiinuke hata nyumba ikiungua," akanijibu, tena kwa fahari.

Alipoinuka moto wa mrija ukafa, mabua yakamalizwa kwa mchanga. Nilitamani ardhi inimeze, ila ardhi yetu ni mawe matupu. Zuhura wangu nilishamwona anakwenda zake, nikaona hata jinsi nitakavyompigia simu na jinsi asivyopokea. Niliona aibu mpaka machozi, nawaambia ukweli, nikaingia chumbani nikakaa juu ya gunia la alizeti.

Mama ndiye aliyeiokoa siku. Makaa yake hakuyamwaga hata alipopiga yowe. Akapanga mafiga upya, akawasha kuni, na jua linaelekea kuzama wageni wakala kuku na ugali wa uwele bila mtu kutaja neno gesi. Nikaitwa baada ya wageni kunawa mikono. Bi Mwanaidi alikuwa amejifunga kanga ya mama juu ya baibui lililoungua pindo, nami nikapiga magoti.

"Shangazi, nisamehe," nikamwambia.

"Mwanangu," akasema, "mtoto wetu ameshakupenda, hilo si la kwangu tena. Na nyumba hii ina mama anayejua kupika ili mgeni asilale njaa, na ina mzee akipewa neno halivunji. Kwa watu hao nimeridhika." Akaniangalia. "Wewe jenga choo. Cha matofali. Kikiisha ndipo mtakapotajiwa siku."

Basi daktari wa vitundu akachimba kitundu kimoja kikubwa. Nilifyatua matofali kwa mikono yangu, kijiji kizima kikipita kunipa pole ya uongo, na ndoa ikafungwa. Kwa wafadhili niliandika kwamba majaribio ya nje ya maabara yalionesha mwako mzuri kuliko ilivyotarajiwa, na wadau waliguswa moja kwa moja. Walinipongeza.

Tangu siku hiyo niliapa: sitapika mbele ya wakwe, sitaeleza kazi yangu kwa mfano wa jikoni, na nikisikia mtu anasema "ni sawa tu na" ninatoka nje. Utando uko kabatini, Zuhura ameuzungushia soksi. Na Bi Mwanaidi akija kututembelea, akitaka kwenda uani, kwanza huvuta kiti akakiweka katikati ya sebule mahali ambapo kila mtu anakiona, ananiita kwa jina la udaktari wangu, ananionesha kiti kwa kidole. Nami naketi, mikono magotini, wanangu wananicheka, na siinuki hata nyumba ikiungua.