Bafta Nyeupe ya Juu ya Kabati

Mtu akifa huoshwa, akasitiriwa, akazikwa, watu wakarudi makwao. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi babangu, kule Changamwe, kilipokufa mwanzoni mwa miaka ya tisini hakikupewa heshima hiyo. Mitambo mizuri iling'olewa ikapelekwa nisikokujua, mibovu ikakosa mnunuzi, na mtu fulani mwenye akili nyingi akaona kwamba ukumbi mmoja uachwe wazi ili watoto wa shule waletwe kutazama jinsi nguo zilivyokuwa zikifumwa. Wakaliita jumba la makumbusho ya viwanda. Baba alipolisikia jina hilo alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Alikuwa mfumaji pale tangu sijazaliwa. Kila alfajiri alitoka kwetu Bofu, akavuka feri, akapanda basi la wafanyakazi, na jioni akarudi na vumbi la pamba kwenye nyusi. Nilipokuwa mdogo nilidhani babangu ana mvi zinazotoka kwa maji. Kelele za mitambo zilimharibu masikio, akawa hata akiomba chumvi anaomba kwa kupaza sauti, na majirani waliamini kwetu kuna ugomvi wa kila siku. Vumbi nalo lilimkaa kifuani. Daktari alimshauri aiache kazi, lakini kazi ikawahi kumwacha yeye.

Kabla ya jumba kufunguliwa, watu wake walipita majumbani mwa waliokuwa wafanyakazi wakiomba chochote kilichotoka kiwandani. Walifika kwetu siku ya Ijumaa, Baba yuko msikitini na mimi niko shuleni nikisomesha. Mamangu ni mkarimu sana kwa mali ya mumewe. Aliwapa aproni yake, kofia yake ya kazi, na bunda la bafta nyeupe lililokuwa juu ya kabati, limefungwa kwa gazeti na kamba ya katani, ambalo lilimkera kila alipopangusa buibui. Jioni alimsimulia Baba habari hiyo kwa furaha, kwamba nguo zake sasa zitatazamwa na watoto wa watu. Nilikuwapo. Baba aliangalia juu ya kabati, akavua kofia, akaomba maji ya kunywa. Nikadhani ni jua la siku ile.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya msingi hapo Likoni, na mwaka uliofuata zamu yetu ya ziara ikafika. Tulikodi basi, watoto wakaimba njia nzima mpaka Changamwe. Aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, zamani karani wa kiwanda hicho hicho, mwenyeji wa Kaloleni, mwenye msalaba mdogo shingoni na subira kubwa. Alituonyesha pamba, akatuonyesha uzi, kisha akauwasha mtambo mmoja uliokuwa bado na uhai. Haukuwa na uzi hata mmoja. Ulitikisika na kupiga kelele kwa nguvu zake zote, ukifuma hewa. Wanafunzi wangu waliziba masikio wakacheka. Mimi nilikasirika, wala sikujua nimkasirikie nani. Kelele iliyomla babangu masikio ilikuwa imegeuzwa mchezo wa watoto.

Mwisho wa ziara yule mama alitoa kitambaa cheupe mezani, akachukua mkasi wa meno, akamkatia kila mtoto kipande cha ukubwa wa kiganja, abandike daftarini. Aliwaambia kwamba hii ni nguo ya mwisho mwisho iliyofumwa katika ukumbi huu, waitunze. Mimi kwa kuwa mwalimu nilikatiwa kikubwa zaidi, cha ukingoni.

Jioni nilimpelekea Baba. Nilidhani nampelekea zawadi. Alikuwa amekaa kibarazani, mgongo kaukaza ukutani kama desturi yake pumzi zikimwia nzito. Alikipokea, akakipitisha baina ya vidole, akafuata ukingo mpaka akaufikia uzi mmoja wa buluu, mwembamba, ambao mimi sikuwa nimeuona. Kila mfumaji pale alipewa rangi yake ya ukingoni, ili nguo ikitoka na kasoro ajulikane wa kulaumiwa. Buluu ilikuwa yake.

Alitazama mlangoni kuhakikisha Mama hayuko karibu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akisema kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, mnaikata sanda yangu."

Nilimwomba arudie, akakataa kuirudia. Alinieleza yaliyobaki polepole, akipumzika katikati. Miezi ya mwisho, kazi ilipokuwa haba, aliufuma mtande mmoja, yaani nyuzi zilizotandazwa mtamboni, kwa makini kuliko yote aliyowahi kufuma, kisha akainunua bafta ile kwa njia ya halali katika duka la wafanyakazi, asije akazikwa na uzi wa wizi. Aliirudisha nyumbani akaiweka juu ya kabati, akanyamaza. Kwetu mtu haoneshi mkewe sanda na yeye mwenyewe yungali anakula na kunywa. Ni uchuro. Ni kuiita mauti ipite ndani ikae. Alikusudia kuniambia mimi wakati ukifika, na wakati ulikuwa haujafika bado walipofika wageni wa makumbusho.

Nilimuuliza kwa nini hakuidai siku ile ile. Akaniambia angeidai kwa sababu gani? Angetaja sababu, Mama angejua ametoa nini kwa mikono yake miwili. Akanishika mkono akaniapisha kwamba mamangu asijue, wala asijue mtu yeyote atakayeweza kumfikishia. Nikaapa.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilitaka kulimaliza jambo hilo kwa akili ya kawaida. Nilimwambia kwamba dini haiulizi nani aliyefuma, bafta yoyote nyeupe na safi yatosha. Alikubali.

"Najua, mwanangu. Lakini nimevisha watu umri wangu wote na simjui hata mmoja. Nilitaka nimvishe mmoja ninayemjua."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Changamwe tena.

Nilimwamkia yule mama kwa heshima, nikamwomba anirudishie bafta ya babangu. Aliuliza kuna nini. Nikasema tunaihitaji nyumbani. Alisema kwa upole kwamba kilichotolewa kimetolewa, akimrudishia mmoja watakuja wote, na ukumbi utabaki na kuta. Nikarudi wiki ya pili na bafta mpya ya Biashara Street, nzuri machoni, nikamwomba tubadilishane. Aliikunja baina ya vidole akasema hii imetoka ng'ambo na haina pamba ya kutosha, na watoto wanakuja kuona kilichofumwa hapa. Alisema kweli tupu, jambo lililonizidisha hasira. Njiani nilimtukana moyoni mpaka nilipofika kivukoni.

Tangu hapo nikazichukia ziara za shule. Zilitoka Kisauni, zilitoka Mikindani, hata Mwakirunge walichanga wakaja. Basi la watoto wanaoimba likinipita barabarani, nilijua kuna kiganja kingine na kingine vinakwenda kubandikwa daftarini kwa gundi ya unga. Baba alikuwa akiniuliza kila Ijumaa kama wamekwenda wengi. Nilimdanganya kwamba shule ziko kwenye mitihani. Masika yalipoingia alifurahi, akawa anaomba mvua isikatike ili mabasi yasitoke, na mvua hiyo hiyo ndiyo iliyomzidishia kifua. Nilimwona akikohoa na huku anaitazama mvua kwa shukrani, na sikujua niombe nini.

Mwaka wa pili mwalimu mkuu alinilazimisha nipeleke darasa tena. Nilisimama mlangoni mwa ukumbi wakati wanafunzi wangu wamejipanga mezani. Mkasi ulikata, wakashukuru mmoja mmoja kama nilivyowafundisha. Mtoto mmoja alitokwa na kamasi njiani tukirudi, akajifutia kipande chake, akakitupa dirishani. Nilimchapa. Alishangaa, kwa maana sikuwa mwalimu wa fimbo, na mimi sikuweza kumwambia amefanya nini.

Mwezi wa Juni Baba akalala asiinuke. Hospitali walimweka siku chache kisha wakaturudishia, tukaelewa. Asubuhi moja Mama alipokuwa akimpa uji, Baba aliniangalia juu ya bega lake, kisha akaangalia juu ya kabati pasipokuwa na kitu. Nilivaa viatu nikatoka.

Kiapo nilikivunja Changamwe. Nilimkuta yule mama peke yake, anafagia. Nilimwambia neno moja, sanda. Aliuegemeza ufagio ukutani, akakaa kwenye benchi la wanafunzi, akajifunika uso kwa kanga.

"Mwalimu, mbona hukusema siku ya kwanza?"

"Kwetu haisemwi."

Hakumwomba mtu ruhusa. Alikwenda mezani akaileta iliyobaki, akaikunja vizuri, akaifunga kwa karatasi safi, na ule mkasi wa meno akautia drooni akaifunga kwa ufunguo. Iliyobaki haikufika urefu wa mikono yangu miwili nikiinyoosha. Nilirudi nayo kifuani, ndani ya shati, na kwenye feri sikutaka kusimama karibu na mtu.

Mama alikuwa kisimani. Nilimwekea Baba mkononi. Hakuwa na haja ya kufumbua macho, aliupapasa ukingo mpaka akaupata uzi wake.

"Imebaki hii?"

"Ni hii, Baba."

Aliipima kwa viganja, polepole. Kisha akasema inatosha vitambaa vya kufungia sanda. Akaniambia niiweke mimi, si juu ya kabati.

Alifariki Jumatano, adhuhuri. Ami yangu mdogo alitumwa mjini kununua bafta, na alipoingia nayo wanawake walikuwa wamejaa chumbani wamemzunguka Mama. Nilipita hapo mlangoni na ndoo ya maji ya kuoshea. Mama aliuona ule mfuko wa duka.

"Kulikuwa na bafta nzuri humu ndani, ya mikono yake mwenyewe," aliwaambia wenzake. "Nami nikaitoa. Laiti ningejua."

Wenzake wakamwambia ni kadari. Akanitazama mimi, mwanawe mkubwa. Nikamwambia, "Hukujua, Mama," nikaenda na maji yangu. Kama kuna mzigo nimeubeba katika maisha haya, ni ndoo ile.

Wazee waliomuosha walimvika shuka tatu za dukani. Ilipofika kufunga, nilitoa ile karatasi nikawaomba watumie bafta iliyomo. Mmoja alitaka kuuliza, mwenziwe akamgusa bega. Waliichana vipande vitatu. Mchaniko wa bafta ya pamba tupu una sauti yake. Wakafunga kichwani, kiunoni na miguuni.

Kaburini niliteremka mimi na Ami. Tulimlaza katika mwanandani, kishimo cha ndani ya kaburi, ubavu wa kulia, uso kibla. Desturi ni kwamba mafundo hufunguliwa hapo, maana huko anakokwenda hahitaji tena kufungwa, na anayefungua ni mwana. Ami akapanda juu kunipisha nafasi. Nilifungua la kichwani. Nilifungua la kiunoni. La miguuni ndilo lililokuwa na uzi wa buluu, nikaupata kwa kidole gumba gizani bila kuutafuta.

Juu walikuwa wameshika majembe. Ami aliinama akaniuliza kama nimemaliza.

Nikamwambia bado.