Figo ni ya mdogo wangu, na dawa ya majaribio inaweza kuiua

Admin, nifichie jina, na ile picha ya mguu niliyokutumia usiiweke. Mdogo wangu haingii huku, lakini wanawe wanaingia, na wataujua.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, mjane, naishi Buzebazeba hapa Kigoma. Kazi yangu miaka yote ni kukamua mawese na kuyauza. Miaka kadhaa iliyopita figo zangu zilikufa zote mbili, na mdogo wangu wa kiume, mvuvi wa Kagunga, akanipa yake moja. Hakubembelezwa. Tulivyotoka hospitali Dar, kila mmoja na mshono wake, akaanza utani: "Dada, hapo umepanga tu, mwenye nyumba ni mimi." Mpaka leo akipiga simu anasema, "Shikamoo dada. Figo yangu haijambo?" Namjibu inakula vizuri tu migebuka unayonivulia.

Sasa sikilizeni. Mguuni nina kovu la tangu usichana, niliungua na mawese yaliyokuwa yanachemka. Mwaka jana likafunguka kidonda. Kwetu kidonda cha mafuta tunakipaka mawese yaliyopoa, basi nikapaka, nikapaka, nacho kikazidi kuota nyama. Daktari wangu wa figo alipofungua kitambaa alikata kipande kidogo cha nyama, akakipeleka kupimwa. Ni saratani ya ngozi. Alisema sisi tuliopandikizwa inatupata kirahisi, kwa sababu dawa tunazomeza kila siku zinailaza kinga ya mwili ili isiikatae figo ya mtu mwingine. Wakakata, ikarudi. Sasa imefika kwenye tezi za kinenani na wanasema upasuaji hautasaidia.

Juzi hapa daktari wangu akaniita. "Mama, kuna dawa tunaijaribu kwa wagonjwa waliopandikizwa kama wewe, ambao saratani yao ya ngozi imesambaa. Inaiamsha kinga ya mwili ipigane na saratani."

Nikamuuliza, "Na figo?"

"Kinga ikiamka haichagui. Inaweza kuigeukia na figo. Tutabadilisha dawa zako za kuilinda, na hilo ndilo tunalotafuta kujua, kama wewe na figo mnaweza kupona pamoja. Wapo waliopata nafuu. Wapo ambao figo ilikataa wakarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Wewe utakuwa upande gani sijui, na sitakudanganya."

Nikikataa, watanitibu kwa njia zilizopo na kunipunguzia maumivu, ila saratani haitanisubiri. Akasema uamuzi ni wangu peke yangu, hakuna wa kunilazimisha, na hata nikiingia naweza kujitoa siku yoyote.

Hapo kwenye "peke yangu" ndipo paliponishinda. Sisi Waha tuna desturi ya kugabiana ng'ombe. Mtu akikugabia ng'ombe, yaani akikukabidhi umtunze, unamchunga, unakunywa maziwa, lakini kumchinja au kumuuza bila kumwambia aliyekupa, hapana. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa nilikuwa mtoto, mdogo wangu huyu nimembeba mgongoni. Majirani waliuza ng'ombe zao za kugabiwa kwa sababu malisho hayakuwepo. Baba aliacha nyumba haina hata paa, akarudi kwa miguu tulikotoka kumwomba aliyemgabia ruhusa ya kuuza. Mama alimsema sana kwa hilo. Ng'ombe tu. Sasa mimi niliyogabiwa ni figo.

Nikapanda boti kwenda Kagunga. Nilimkuta anashona wavu mbele ya nyumba, mkewe anapepeta dagaa karibu yake. Nikamweleza yote kama nilivyoelezwa. Hakuacha kushona.

"Kwa hiyo inaweza kufa?"

"Inaweza."

"Na ukiikataa hiyo dawa?"

"Nitakufa mimi, nayo itakwenda na mimi."

Akakata uzi kwa meno. "Basi ingia, dada. Ikiharibika utakuja. Si ninayo nyingine?"

Nikacheka, nikijua ni utani wake ule ule. Yeye hakucheka. "Unacheka nini? Madaktari walishapima, walisema tunaelewana damu."

Nikamwambia mtu hawezi kubaki bila figo hata moja. Akanijibu, "Mbona wewe ulibaki, ukaishi na mashine?" Mkewe akaweka ungo chini, akaniangalia mimi, si mumewe.

Ndugu zangu, naogopa. Naogopa saratani, naogopa ile mashine, lakini namwogopa zaidi mdogo wangu. Najua hakuna daktari atakayemtoa figo ya mwisho. Yeye hajui, na hata nikimweleza hasikii. Nimeona machoni kwake kwamba ikikataa ya kwanza ataziacha nyavu, atauza boti, aje ashinde mlangoni kwa madaktari akiwalazimisha. Ruhusa niliyoifuata nimepewa, lakini aliyeitoa haelewi ametoa nini. Hiyo ni ruhusa? Nikiwa nakoroga mawese najikuta nimeweka mkono hapa chini ya tumbo ilipo, kama mjamzito.

Jumatatu daktari anataka jibu. Leo asubuhi mdogo wangu amepiga simu. Kwa mara ya kwanza hakuiulizia figo. Ameuliza mimi naendeleaje, nikasingizia mtandao, nikakata simu.

Nyie mliowahi kupewa kitu kisichorudishika, nisemesheni. Niingie kwenye hayo majaribio, au nibaki na figo yake mpaka tuondoke wote wawili? Nifanye nini?