Gari Lililokataa Kukata Kulia

Umewahi kuona gari la milimani likishuka mlima kwa makalio?

Mimi nimeliona. Tena nilikuwa ndani yake, nimeshika usukani, shingo nimeigeuza nyuma mpaka inauma. Juu ya keria kuna mzigo wa mabomba ya chuma. Mbele ya gari mume wangu anatembea kwa miguu, anapunga mikono yote miwili kama anaongoza ndege.

"Kushoto! Hapana, kulia! Simama! Njoo!"

Jamani. Mimi narudi nyuma, yeye yuko mbele. Alikuwa anaona nini?

Ngoja nianze mwanzo, maana aibu hii haikuja yenyewe. Tuliifuata dukani, tukafungiwa kwa nati.

Mume wangu mtaani wanamwita Komando. Jeshini hajawahi kukanyaga hata getini. Ana kofia ya mabakamabaka, basi, ikatosha.

Komando alikuwa hana kazi muda mrefu, na nyumba ilikuwa inaendeshwa na cherehani yangu. Usidhani namsimanga. Nilikuwa namwona asubuhi anavaa viatu, anakaa mlangoni, halafu anavivua tena. Iliniuma kuliko nilivyomwonyesha.

Ndipo tukasikia kampuni ya kuchimba visima inatafuta gari la kukodi, pamoja na dereva wake, la kupandisha mabomba mlimani. Gari tunalo! Aliniachia marehemu baba yangu, aliyekuwa muuza mbao. Ndilo nililojifunzia kuendesha nikiwa msichana, mbao nyuma, baba pembeni ananifokea.

Tukapatana Komando ndiye aendeshe. Akiipata kazi, atarudi kuwa mtu wa kutoka asubuhi. Akiikosa, gari tunaliuza, maana cherehani haiwezi kulisha watu na gari pia. Mnunuzi nilishaanza kumuulizia kimyakimya.

Kilichotakiwa ni kulipeleka gari lilivyo. Basi tu.

"Kwa rimu hizi?" Komando akasema, analizunguka gari mikono kiunoni. "Mke wangu, hili ni gari la kwendea mazishini. Kule wanataka gari la kazi, likifika watu wasogee."

"Wanataka libebe mabomba."

"Libebe, lakini kwa heshima."

Tukaenda kwa muuza rimu. Komando hakuuliza chochote. Alikwenda moja kwa moja kwenye rimu nyeusi, pana, zenye sura ya ugomvi, akazipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Matundu ya nati yanalingana na ya gari langu?"

"Yanalingana," muuzaji akajibu. "Lakini ofseti yake si ya gari lako, kaka."

"Ofseti ndiyo mdudu gani?"

Yule bwana akailaza rimu chini, akaweka kidole pale katikati penye matundu.

"Hapa ndipo rimu inapobanana na gari. Kwenye rimu zako, sehemu hii imekaa karibu na upande wa nje, kwa hiyo tairi linajificha chini ya fenda. Kwenye hizi, imeingia mno upande wa ndani. Ukizifunga, tairi linachomoza nje. Ukibeba mzigo, gari likashuka, halafu ukate usukani hadi mwisho, tairi litakula bodi. Na beringi nazo zitachoka kabla ya wakati wake."

Maelezo safi kabisa, hata mtoto angeelewa. Mume wangu katika hayo yote alisikia maneno mawili: linachomoza nje.

"Linachomoza sana?" Macho yanamng'aa.

"Sana. Ndiyo nakwambia ni tatizo."

"Zifunge."

Muuzaji akanitazama mimi. Nikajaribu. "Baba watoto, muuzaji mwenyewe anakukataza kununua. Hilo halikushtui?"

Akaniinamia sikioni. "Anawafichia wateja wake wakubwa. Wewe hujui biashara."

Sikio la kufa halisikii dawa. Rimu za baba tukaziacha palepale kuwa sehemu ya malipo, tukarudi nyumbani tumejitanua mtaa mzima.

Uani akalifanyia majaribio. Gari tupu, ardhi tambarare, akakata usukani kushoto, akakata kulia.

"Umesikia kitu?"

"Sijasikia. Pakia mzigo sasa."

"Mzigo tutaukuta kazini."

Majirani wakaja kupiga picha. Komando akaegemea tairi, mguu mmoja mbele, kofia ameilaza upande. Kesho yake mvua ikanyesha, na kwa kuwa matairi yalikuwa nje ya fenda, hakukuwa na cha kuzuia tope. Likaruka hadi kwenye vioo, likaruka hadi kwenye shuka za jirani zilizoanikwa. Jirani akaacha kupiga picha.

Siku ya majaribio ya kampuni ikafika. Kwa kuwa gari lina jina langu, kampuni ilitaka na mimi niwepo. Msimamizi alikuwa mama mmoja mrefu, mabuti ya mpira, sauti ya chini, hana mchezo. Akaagiza mabomba yapakiwe.

"Pandeni mpaka kisimani, mshuke. Barabara ina kona moja mbaya, inakata kulia. Hapo ndipo ninapowajua madereva."

"Mama, hapa umefika," Komando akamwambia, anapigapiga boneti.

Tulipanda vizuri, siwezi kusema uongo. Komando anapiga mluzi. Matairi yanauma mawe, injini inanguruma, hata mimi nikaanza kujiuliza labda nilikuwa na roho mbaya.

Tukafika kwenye kona.

Akakata kulia. Krrrrr! Gari zima likatetemeka. Akakata zaidi, usukani ukagoma. Harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani. Tairi la kushoto lilikuwa limejibana kwenye fenda, na pua ya gari inatazama bonde.

Sio bonde la kusimuliwa. Bonde ambalo miti yake unaiona kwa juu.

"Kata tena," nikasema.

"Haikati!"

"Basi rudi nyuma."

Mikono imeganda kwenye usukani, jasho linamtoka chini ya ile kofia. Nikavuta breki ya mkono mimi.

"Ngoja nikaangalie tairi," akasema kwa sauti ndogo, akashuka.

Akaliangalia. Akaendelea kuliangalia. Nikaelewa kwamba ukaguzi ule hautaisha leo.

Nami niliogopa, nisidanganye. Lakini mzigo ule ukiachwa pale ungeweza kutuvuta, na gari lenyewe ndilo kitu pekee tulichonacho. Nikahamia kiti cha dereva, nikaweka rivasi. Usukani nikaukata kidogo kidogo tu, pale tairi lisipogusa. Nikalishusha hivyohivyo, kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka chini. Komando mbele yangu akiongoza ndege zake.

Chini walikuwepo waombaji wengine na magari yao. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Komando, hiyo ni mbinu ya vita?"

"Muacheni, anarudi nyuma ili adui asimwone!"

Msimamizi hakucheka. Alilizunguka gari, akainama kwenye fenda iliyokunjika, akaligusa tairi lililochunika.

"Nani kazichagua hizi rimu?"

Komando akageuka kutazama mlima.

"Gari hili silikodi," mama akasema.

Nikaona mnunuzi anakuja, nikaona viatu vinavaliwa na kuvuliwa mlangoni mpaka uzeeni. Komando akajikaza.

"Mama, nitabadilisha rimu. Nipe nafasi, nakuomba."

"Badilisha, ni vizuri. Lakini kampuni ina gari lake hapo bandani. Dereva wake aliacha kazi, nimejaribu watu nimechoka, ndiyo maana natafuta la kukodi. Kila anayekuja anataka kunionyesha anavyopanda. Likikwama, wanakazana mpaka waliue." Akanigeukia. "Wewe leseni yako ni hai?"

Nilitazama nyuma yangu nione anaongea na nani.

Ndivyo mshona nguo alivyopata kazi ya udereva ambayo hakuiomba, na Komando aliyeiomba akarudi nyumbani kwenye kiti cha abiria. Njiani gari lilikuwa tupu, lakini fenda ilishakunjika: kila nikikata kulia, krrrrr.

Karibu na nyumbani akavua kofia. "Mke wangu, nilitaka uniheshimu tena."

"Nani alikwambia niliacha?"

Akalia. Nikasimamisha gari pembeni, nikalia na mimi, halafu tukaanza kucheka kwa sababu tuliegesha vibaya na watu walikuwa wanatupigia honi.

Gari hatukuliuza. Mshahara wa kwanza ulinunua rimu zenye ofseti ya kueleweka, na sasa Komando analitumia kubebea watu samani wanapohama. Ana kazi mpaka anakosa muda wa kukaa mlangoni.

Lakini ninachokikumbuka mimi ni asubuhi yangu ya kwanza kazini. Aliamka kabla yangu, akanisindikiza hadi bandani. Gari la kampuni limepakiwa mabomba. Akapiga magoti kwenye tope, kichwa chini ya fenda, nami nikakata usukani mpaka mwisho, kushoto, kisha kulia.

"Haligusi," akasema. "Kata tena." Nikakata tena. "Haligusi, mama. Nenda."

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka rimu za kutisha watu: matundu ya nati kulingana si kuingiana. Uliza ofseti. Pakia mzigo, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, na awepo mtu anayekupenda aliyepiga magoti kusikiliza. Akikwambia linagusa, mwamini, hata kama majirani wameshapiga picha.